Ukoka wa Babu

Somoe, nimeharibu. Nimeharibu kabisa.

Leo siku yangu ya tatu kwa bibi hapa Ziwani, nikashika jembe kabla sijapewa. Nimepalilia uwanja mzima mpaka mchanga ukawa mweupe. Hata ule ukoka wa pale kwenye mkorosho.

Bibi katoka, kasimama. "Wote?" Nikacheka, nikamwambia wote, bibi.

Kumbe ule ukoka aliuzalisha marehemu babu, miaka ya sitini, akiwa mtunza bustani za wakubwa mjini. Kila masika alichagua mche mfupi kuliko yote, akaupanda tena, mpaka akapata ukoka usiotaka kufyekwa wala kumwagiliwa, akaupanda hapa uwanjani.

Mwaka sitini na tisa akaoa. Kwao bibi, uwanja wenye majani ni aibu ya mwanamke. Asubuhi ya kwanza bibi akaulima wote ili asifiwe.  Babu alikwenda jalalani, akachambua mpaka akapata kipande chenye mzizi. Tangu siku ile bibi hajaupitishia hata ufagio.

Na mimi nilicheka, Somoe. Nilicheka.

Sasa hivi yuko jalalani, kachuchumaa, anachambua.