Hatua Zangu Zinajua Mashimo Yalipo

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijapasuka, mimi ni nyapara mstaafu wa mgodi uliofungwa, na binti yangu, kitindamimba, anapima maji maabara, na nikisema anapima namaanisha anapima kweli, chupa moja anairudia mara tatu, nimejivuna mpaka majirani wamenichoka. Sasa amekuta madini ya risasi na zebaki ziwani, anasema yanatoka kwenye taka za mgodi wetu, ila ramani ya kampuni ina shimo moja tu la kufukia taka na sumu inaingia pande tatu. Akaniuliza, "Baba, nyingine mlifukia wapi?" Nikajifanya nakohoa. Mshauri, mashimo yalikuwa matatu, mawili tuliyachimba ukingoni mwa ziwa tuwahi siku ya kufunga, tepu ilikuwa imepotea nikapima kwa hatua zangu, nikapanda nyasi juu, nikapewa cheti cha kazi safi, kipo sebuleni juu ya televisheni. Ajuaye vipimo ni mimi tu. Wenzangu wananiambia, "Nyapara, ukifungua mdomo umetuvua nguo sote." Jumamosi kuna mkutano wa kijiji na kampuni kuhusu maji hayo, binti yangu atasimama na shimo moja, watamcheka. Nifanyeje?

Nyapara Mstaafu

Shikamoo nyapara. Heshima nimeshakupa, sasa nisikilize.

Unajivunia binti anayerudia kipimo mara tatu, halafu umemnyima jibu akiwa sebuleni kwako! Huo ukaidi kaurithi wapi kama si kwa mtu aliyekosa tepu akapima kwa miguu? Mlikosea, ndiyo. Siku zile mliharakishwa, na hukujua zebaki inavyopenya udongo. Leo unajua, kwa hiyo kunyamaza ni kosa jipya, na hilo ni lako peke yako. Hao wanaoogopa kuvuliwa nguo, waulize wajukuu wao wanakunywa maji gani. Mficha maradhi kifo humuumbua, mzee wangu.

Kesho asubuhi teremsha cheti, kigeuze, chora nyuma yake mashimo yote matatu. Nenda na binti ukingoni, hesabu hatua kwa sauti, yeye achomeke vijiti. Kama uzee umezifupisha hatua zako, mwambie tu, atakokotoa, si ndiyo kazi yake?

Jumamosi wakiuliza nani alifukia, usisubiri mtu akutaje. Simama useme: "Ni mimi. Na aliyegundua ni mwanangu." Yote mawili kwa sauti ile ile.