Mkanda Mfupi wa Mkoba wa Babu

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Huku Akheri hatujambo, na ng'ombe wako amezaa ndama jike.

Umeniuliza kwa nini mkoba wa vita wa babu yako, ule uliouchukua ulipoondoka, una mkanda mfupi vile. Kosa ni langu. Nilikata turubai letu la kuanikia kahawa, nikaushona kwa sindano ya magunia. Mwenyewe alikuwa ameshaitwa kambini, basi mkanda nikaupima begani kwangu. Ukambana kwapani mpaka Uganda na kurudi.

Aliporudi nikataka kuurefusha. Akaninyang'anya mkasi.

“Uache. Kila nilipouvaa nilikumbuka kimo chako.”

Mengine ya vita hakunisimulia.

Usimpe fundi, Neema. Uvae tu. Kimo umechukua changu.

Bibi yako