Kiti cha Gaspare Mkutanoni

Utica, 20 Oktoba 1957

Dada Agrippina mpendwa,

Usinihesabie kosa kwa kukaa kimya tangu kiangazi. Melina anaota meno, Vituccio ana surua, nami nikishika kalamu nasinzia. Hatujambo ya kujikongoja. Ninyi huko Brooklyn wazima? Mgongo wa shemeji Liborio umepoa?

Dada, niseme lililonikaa rohoni. Siku ile ya ubatizo nyumbani kwa mkubwa wa waume zetu ulikalishwa ubavuni mwa mkewe, mnacheka. Mimi nikawekwa mlangoni mwa jikoni, kila sahani inapita juu ya kichwa changu. Sababu ni waume zetu. Wako huitwa ndani, wangu hubaki na gari. Sasa nasikia mwezi ujao wakubwa wa chama chao cha siri wa kila mji wanakutana shambani kwa mmoja wao, upande huu huu wetu, na Liborio ameitwa. Gaspare hakuitwa, wala hawezi kuomba. Kwao mwanamume akiomba kiti amejishusha. Basi naomba mimi. Mwambie Liborio amtaje.

Mdogo wako,
Santina

Brooklyn, 2 Novemba 1957

Santina mdogo wangu,

Sisi wazima. Mgongo wa Liborio unauma akitumwa sokoni tu.

Wivu wako nimeuona hata kwenye mwandiko. Mumeo hula chakula cha jioni nyumbani. Wangu sijui yuko wapi, wala siulizi. Ungekuwa na akili ungenionea huruma. Hata hivyo nimemwambia, akacheka: "Kumbe mwenye tamaa kule ni shemeji? Basi Gaspare aje ale nyama." Mpigie shati pasi, usimuulize kitu.

Dada yako,
Agrippina

Brooklyn, 12 Januari 1958

Santina,

Nakujulia hali kwa haya. Barua zangu mbili hukujibu.

Liborio amenisimulia yote. Polisi walipofunga njia ya shambani, wengi walitimkia msituni na suti zao za hariri, Gaspare akiwemo, wakaokotwa mmoja mmoja, matope hadi magotini. Liborio alibaki ndani anakunywa kahawa, akaondoka baadaye bila mtu kumwandika jina. Anasema mzoefu wa mikutano hakimbii. Nilimnyamazisha.

Sasa Gaspare ameitwa mahakamani. Wote wanasema walikwenda kumtazama rafiki mgonjwa, na hakimu hadanganyiki. Anataka majina ya waliobaki ndani. Nakupigia magoti, mdogo wangu, Gaspare asimtaje Liborio. Wewe anakusikiliza.

Agrippina

Utica, 16 Machi 1958

Dada Agrippina,

Salamu. Sikujibu kwa sababu kila nilipoanza nilijikuta naandika matusi. Watoto wanaendelea, ila Melina anakohoa. Gaspare amewekwa ndani mpaka akubali kusema.

Nilikwenda kumwona. Njia nzima nilikuwa na neno moja mdomoni: mtaje Liborio, urudi ulee wanao. Nilikuwa nakuona wewe unapakua tambi, mumeo anadai jibini iongezwe. Huku kwangu Vituccio bado anawekea babake uma.

Gaspare kakonda. Alipoketi tu akaniuliza, "Liborio yu salama? Ndiye aliyenikumbuka."

Hajui aliyeomba ni nani. Sikumwambia hilo, wala lile la njiani. Nikamjibu, "Yu salama. Nyamaza hivyo hivyo."

Kwa hiyo, dada, mumeo yuko mezani kwa kuwa wangu kafunga mdomo. Nakupenda, lakini safari hii siombi, naagiza. Picha yenu ya Krismasi imefika, hiyo sikuihitaji. Ninavyohitaji ni hivi: viatu vya Vituccio vya ngozi, vyenye nafasi vidoleni. Soksi za sufu za Gaspare na fulana nzito mbili, kule kuna baridi. Dawa ya kifua ya Melina, ile ya duka la kwenu. Unga laini wa ngano. Na kofia ya kiume ya kijivu, mpime Liborio kichwa, wanalingana. Ya Gaspare ilibaki msituni.

Mdogo wako,
Santina