Nyuzi za Udi Ni Nzima

Magongo, Changamwe
14 Juni 1947

Kwa kaka yangu mpenzi Garama,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta salama hapo Malindi, wewe na wifi na watoto. Sisi hatujambo kwa neema ya Mungu, ila mimi nina hasira, na afadhali nikwambie mapema usije ukadhani naumwa.

Najua shemeji yako Kombe amekwisha kukuandikia akuombe nyuzi mpya za ule udi uliotuachia. Yeye ameandika yake. Soma na yangu.

Unakumbuka nyimbo za harusi za mama hazikuwa zikikaa kwenye udi. Basi mwaka jana, Kombe akiwa kazini bandarini, nikawa naulegeza uzi mnene na kuukaza wa pili yake, najaribu hivi, najaribu vile, hata siku moja zikakaa. Nikamwonyesha Kombe pa kuweka vidole. Tangu hapo kila akienda kupiga, anayelinganisha nyuzi ni mimi. Yeye huuchukua udi ukiwa tayari.

Mwezi wa nne, harusini hapa Magongo, mpiga fidla mmoja wa kisiwani akamwuliza mlingano ule kaupata wapi. Nilikuwa nyuma ya pazia na sahani za pilau mkononi. Akajibu kwamba kaubuni mwenyewe kwa miezi mitatu, na kwamba nyumbani ana mke asiyejua tofauti ya udi na mwiko. Wakacheka. Nilipomwuliza, akasema jina la mke halitajwi mbele ya wanaume, eti ni heshima yangu. Heshima gani hiyo ya kuninyang'anya changu?

Sasa nikuungamie. Jumamosi iliyopita aliitwa kupiga harusini kule Mjambere, nami nikafuatana naye. Alipokwenda kula, niliurudisha udi kwenye mlingano wa zamani. Akaketi, vidole vikaenda pale pale nilipovifundisha, zikatoka kelele. Akakaza, akalegeza, asipate kitu. Bibi harusi akainamisha kichwa. Yeye nimemkosea, nami najuta. Kwa Kombe sijuti hata kidogo.

Anasema nyuzi zimeliwa na chumvi. Nyuzi ni nzima, kaka. Sitaugusa udi ule mpaka aseme mbele ya watu wale wale kwamba kazi ile ni ya mkono wangu. Usimtumie kitu. Na kama utaona haya kumnyima shemeji, basi zitume, lakini juu ya bahasha andika jina langu.

Nisalimie wifi Mbeyu, na watoto uwaambie shangazi yao anawakumbuka.

Ni mimi mdogo wako,
Sidi