Mume Wangu Amemzeesha Baba Yangu kwa Uongo

Mpendwa Shangazi Beryl,

Naomba msaada wako kabla sijafanya jambo nitakalolijutia, maana wiki nzima niko kwa dada yangu na hasira haijashuka hata kidogo, nikisikia tu jina la mume wangu Clive natoka nje.

Baba yangu, Wilf, alimaliza ujana wake akitia makaa kwenye injini za mvuke, mpaka zilipoondolewa zote, na tangu mama afariki mwaka jana amekuwa mtu wa kukaa dirishani. Sasa hapa Harkdale tuna ile reli ya zamani iliyofufuliwa na watu wa kujitolea, na Clive huwakatia abiria tiketi pale kila Jumapili, basi ni yeye mwenyewe, sikumwomba, aliyekuja na wazo: "Mzee, siku unatimiza themanini utapanda kule mbele na dereva, ushike koleo kama zamani. Nimeshapanga." Shangazi, ungemwona baba! Alianza kula vizuri, akanyoa ndevu, akawa anawasimulia wajukuu jinsi ya kuutandaza moto usizimike mlimani.

Siku yenyewe mvua ilinyesha tangu alfajiri. Baba alivaa ovaroli ya bluu aliyoipiga pasi mwenyewe, akafunga leso shingoni. Kufika stesheni, Clive akamshika bega akamwambia, "Pole sana, mzee wangu. Wamebadilisha sheria. Watu wa umri wako hawapandi tena kwenye injini, wanaogopa mtaanguka."

Baba akaitazama injini ikifuka moshi pale. "Haya," akasema. "Kama wameona hivyo."

Tukapanda behewa linalovuja, maji yakawa yanadondokea keki ya baba, choo kinanuka, madirisha yamefungwa, mvuke wote tuliolipia kuuona hatukuuona, na binti yangu Tamsin, mtoto hajui, akauliza, "Babu, mbona umevaa nguo za kazi?"

"Nimekosea nguo, mjukuu wangu," baba akamjibu.

Mwisho wa reli nikashuka kununua chai. Mbele nikamwona mtu anateremka kwenye injini, masizi usoni, anacheka, na mtu mwenyewe ni Stubbs, bosi wa Clive kule kiwandani! Anampiga Clive mgongoni: "Kijana, hii sitaisahau!" Nikamuuliza Bibi Hattersley, msimamizi wa treni, kuhusu hiyo sheria mpya. Akashangaa. "Sheria gani? Mzee Wilf tulikuwa tunamsubiri kwa hamu. Mkwe wake ndiye aliyetuambia anaumwa, tumpe nafasi mgeni wake."

Nikamfuata Clive pale pale. "Wewe, umemuuza baba yangu?"

"Lorna, punguza sauti, watu wanatutazama. Stubbs anachagua msimamizi mpya wa kiwanda mwezi ujao. Na mzee wala hajali, si umemwona anasinzia?"

Nikammwagia chai. Nusu ikampata Stubbs.

Baba alikuwa ndani ya behewa, hakusikia kitu, na hapo ndipo penye taabu yangu. Ameacha kutoka nyumbani. Juzi kamwomba dada yangu amtafutie nafasi kwenye nyumba ya wazee. Anasema, "Hata wenzangu wa reli wameona nimekwisha, mwanangu." Nikitaka kumwambia ukweli, Clive ananionya kwamba nitamuua, maana baba hana mtoto wa kiume na anampenda Clive kama wa kumzaa. Nikinyamaza, naona anazimika mbele ya macho yangu. Niseme au ninyamaze?

Lorna, Harkdale

*

Lorna,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, na mpaka namaliza nilikuwa nimeshamtukana mumeo mara mbili kwa sauti, wenzangu ofisini wamesikia. Kumpendelea bosi ni tamaa, wengi wanayo. Lakini kumwambia mzee mwenye msiba kwamba amezeeka mno kwa kazi aliyoipenda, ili mtu mwingine akae mahali pake, huo ni ukatili, na usikubali uitwe jina lingine.

Ila nawe nina neno lako. Una haki ya kukasirika, lakini hasira yako imekaa wiki nzima kwenye kochi la dada yako inakunywa chai, na baba yako anatafutiwa kitanda cha kufia. Eti ukweli utamuua! Mwongo huanza kuhurumia afya za watu siku anapokaribia kuumbuka. Mtu aliyemzika mkewe atashindwa kubeba habari kwamba mkwe wake ni mpumbavu?

Mpigie Clive leo. Aende kwa mzee mwenyewe, bila maua, bila wewe kumsemea, amwambie: sheria haikuwepo, niliitunga mimi, na sababu ni hii. Akileta visingizio mpaka kesho mchana, mwambie baba yako wewe, neno kwa neno. Usiupake sukari.

Kisha mpe baba yako namba ya Bibi Hattersley, umwache azungumze naye mwenyewe. Akitaka kupanda, apande. Akikataa, ni yeye aliyekataa. Mmeshamwamulia vya kutosha. Na hiyo nyumba ya wazee, dada yako asiulizie popote kabla mzee hajajua ukweli.

Stubbs umwombe radhi kwa chai, maana hakujua. Katika sentensi inayofuata mweleze alikaa kwenye nafasi ya nani. Usiongeze kitu.

Ndoa yako usiivunje wala kuiunga wiki hii. Ngoja uone Clive atasimamaje mbele ya baba yako, ndipo utajua umeolewa na nani.

Sasa weka gazeti chini, vaa koti. Kuna mtu yuko nyumbani peke yake, anaamini amekwisha, na hajakwisha.

Shangazi Beryl