Hanbok Uliyovalishwa na Bibi Mwenye Nyumba

Mwanangu Rahma,

Huku Malindi sote wazima. Kila ninayekutana naye anaulizia habari zako, na asiyeuliza namwambia mwenyewe. Mimi niliishia darasa la saba, binti yangu yuko Korea anasomea uhandisi. Hilo sichoki kulisema.

Na ndilo lililotuponza. Ile picha yako umevaa hanbok, nguo yao ya jadi, sketi pana imefungiwa kifuani na kikoti kifupi cha utepe, na mtandio wako kichwani, uliniletea mimi peke yangu. Nikaitia mtandaoni, nikaandika: "Binti yangu keshakuwa Mkorea." Ikafika hadi huko kwao. Wengine wakakwambia unaiba utamaduni wao, wengine unaufanyia mchezo. Ukanipigia unalia, nguo umeshaikunja, kwenye mahafali hutaivaa tena. Na hukunilaumu hata kwa neno moja. Ahsante, mwanangu. Picha nshaifuta.

Sisemi wale watu wana roho mbaya. Siku ile nilipokuta kanga imetandikwa mlangoni mwa hoteli, wageni wanajifutia miguu, si nilirudi nyumbani sikula? Kitu chako kinauma.

Lakini nimekumbuka harusi ya shangazi yako kule Jambiani, una miaka tisa. Yule mgeni wa Kizungu alikuja kajifunga kanga, maandishi juu chini. Wanawake tukawa tunakonyezana, mimi ndiye wa mbele, nasema leo kanga yetu imesimama kwa kichwa. Wewe ukaweka sahani yako ya biriani chini, ukamshika mkono, ukampeleka chumbani. Mlipotoka kanga imekaa sawa, na mgeni akacheza nasi mpaka jasho likamtoka. Ukaja kuninong'oneza:

"Mama, hajafundishwa tu."

Nikaona haya mbele ya mtoto niliyemzaa.

Nawe umefundishwa. Si ulinihadithia bibi mwenye nyumba unayopanga alivyokutolea hanbok sandukuni mwake, akakufunga utepe, akaufungua, akaurudia, mpaka mikono yako ikajua? Mwizi gani anavalishwa na mwenye mali? Mwambie namshukuru. Kanilelea mwanangu mahali ambapo mkono wangu haufiki, na kila nikisali namtaja baada yako.

Basi ivae siku ya mahafali. Wakikuuliza, mtaje yeye aliyekuvalisha, si mimi na maneno yangu ya mtandaoni.

Nimekutumia kwa posta doti ya kanga, ya huyo bibi. Imeandikwa "Wema hauozi". Kusoma hatajua, mfasirie. Usimpe mkononi ukamwacha. Mfunge wewe mwenyewe, maandishi yasimame, kama ulivyomfunga yule mgeni. Kisha mpige picha uniletee. Nitatamani kuionesha Malindi nzima, lakini safari hii muulize kwanza.

Mungu akuweke, mwanangu.

Mimi mama yako, ninayejisifia wewe kila kukicha.