Nimemsifu shangazi hadi nikamwaibisha

Oya, nimeharibu. Nimeharibu vibaya.

Niko maabara kwa shangazi, yule wa mambo ya jeni. Leo wamekuja wakubwa wa chuo kumhoji kama anafaa uprofesa.

Mimi na kiherehere changu nikawaambia, "Utafiti wake umetajwa na wanasayansi zaidi ya elfu."

Mzee mmoja akanitazama. "Kijana, umesoma wanamtajia nini? Wanasema alikosea."

Eti alikosea. Mbele ya watu wote.

Shangazi hata hakutikisika. "Ni kweli nilikosea. Na wa kwanza kuandika hivyo ni mimi."

Wakajifungia naye ndani. Mimi natembeatembea kwenye korido kama kuku anayetaka kutaga.

Sasa hivi shangazi katoa kichwa mlangoni. "Msemaji wangu, ongeza viti. Wameita na wenzao, wanataka kusikia nilikoseaje."

Hiyo ni heri au shari? Nijibu basi.